Sahani na Chupa

Nyumbani mimi niliitwa Sahani, na yaya akaitwa Chupa. Msomaji wa Dar au Mombasa asishangae: kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike, si dada wa kulea watoto. Majina hayo tulipewa na mama mdogo, wala hakuumiza kichwa kuyatafuta. Uso wangu ni duara, urefu na upana wake vinakaribiana, na mashavu hubaki yamejaa hata malaria ikinilaza wiki nzima. Yaya alichukua uso wa baba: paji refu, mashavu membamba, na kidevu kinachotangulia kuingia mlangoni. Tumetoka tumbo moja, lakini ukitukuta barabarani utadhani tumefahamiana kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria.

Mwaka 2015 yaya alioa. Dote, yaani mahari, ilikuwa imeshalipwa, komini kwa ndoa ya serikali wameshakwenda, ikabaki kanisa. Ijumaa, siku moja kabla, alituita vijana sita wa kumsindikiza, akatusomea sheria zake: suti moja, tai moja, viatu vya rangi moja, na nywele moja. Hiyo ya nywele hatukuitegemea. Alikuwa ameona picha ya harusi fulani kwenye simu ya rafiki yake, vijana wamesimama kwa mstari, vichwa kama matofali yaliyotoka kalibu moja, na ikamkaa rohoni.

Kinyozi wake alikuwa na kibanda cha mbao upande wa Birere, mtaa wa Goma, juu kabisa ya mawe ya lava iliyoshuka kutoka mlima wa moto Nyiragongo 17 Januari 2002. Watu wa Goma hatukuyabeba mawe yale tukayatupa. Tulijenga juu yake. Kwa hiyo sakafu ya kibanda ilikuwa na vilima na mabonde, na mguu mmoja wa kiti umewekewa kipande cha ndara kuukuu ili kisiyumbe. Hata hivyo ukikaa ulijikuta umeinamia Gisenyi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka. Kinyozi alishazoea. Kabla ya kuchonga mstari wa mbele alikushika kidevu, akakirudisha Kongo, ndipo akawasha mashine.

Ukutani palikuwa na lile bango ambalo kila kinyozi analo, vichwa vya vijana kwa safu, kila kimoja na namba yake, jua limeshawafanya wote kuwa wa bluu. Yaya aliweka kidole kwenye namba 17: pembeni pamekwanguliwa mpaka ngozi, juu nywele zimeachwa ndefu na kusawazishwa kama meza, mstari wa mbele umenyooka kama umepigwa rula.

"Wote?" kinyozi akauliza. Alikuwa anapangusa meno ya mashine kwa spiriti.

"Wote sita, papa. Na mimi wa saba."

Vichwa saba, franka 1,000 kila kimoja, yaani dola saba na kitu kwa bei ya wakati ule. Kinyozi mwingine angeshukuru Mungu akaanza kazi. Huyu alitutazama mmoja mmoja, akaguna, akaniashiria mimi nikae kwanza.

Akanipa kipande cha sabuni kilichobaki chembamba kama kucha. "Fumba jicho moja. Usitikise kichwa. Sasa fuata ukingo wa uso wako kwenye kioo, kuanzia nywele zinapoanza mpaka kidevuni, urudi ulikotoka." Nilifanya hivyo huku wenzangu wakicheka. Nilipoinuka nilikuta kioo kina duara dogo, dogo kuliko nilivyotarajia. Baadaye nilipima nyumbani kwa utepe wa mama wa kushonea: mchoro wa namna hiyo hutoka nusu kamili ya uso wako, ukae karibu na kioo au mbali. Siku ile nilichoona ni kwamba mama mdogo alisema kweli. Ilikuwa sahani ya kikombe.

"Bwana harusi, kaa hapo. Fumba jicho lilelile. Shusha kichwa mpaka nywele zako ziguse mstari wa juu wa mdogo wako."

Yaya alikaa. Huku na huku, kati ya mashavu yake na mstari wangu, palibaki nafasi. Kidevu kilitoka nje kwa chini, kidole kizima.

Kinyozi alizungumza kama fundi cherehani anayeeleza kwa nini kitambaa hakitoshi. Huyu wa duara, alisema, anataka kimo. Pembeni tukwangue, juu tuache nywele zipande, uso utajivuta wenyewe. Na pale juu ya macho, kwenye pembe za paji, mstari uwe na kona kali, "kwa sababu uso wake hauna kona hata moja, lazima tumkopeshe." Kitu ambacho sikupaswa kukiomba maishani ni nywele za urefu mmoja kichwa kizima, au kipara, ningekuwa mpira. Ndevu zikiota, nizipunguze mashavuni, niziache kidevuni. Kumbe kwa miaka yote nilikuwa nikiomba hiyohiyo ya urefu mmoja, kwa sababu ni rahisi na haina maneno.

"Lakini huyu," akamwekea yaya mkono utosini, "urefu anao wa kutosha. Ukimpandishia juu unamjengea ghorofa. Pembeni muachie nywele, mashine ivae kitana namba 3, hata 4. Juu tushushe. Na mstari wa mbele usirudishwe nyuma hata kidogo."

Hilo la mstari lilimuuma yaya, kwa maana ndilo alilokuwa akilipenda. Kila wiki mbili alikuwa akiomba mstari uchongwe upya, na mstari ukichongwa upya hurudi nyuma kidogo, unywele mmoja leo, mmoja kesho. Lava ya 2002 ilikula sehemu ya uwanja wa ndege wa Goma, ukawa mfupi. Wembe ulikuwa unafanya kinyume chake kwenye paji la yaya.

"Papa," yaya akasema, "mimi ndiye bwana harusi."

"Kichwa ni chako, mwanangu."

Akawasha mashine. Nakumbuka lile shuka la kinyozi, jeupe zamani, na nywele zikidondoka juu yake pamoja na vumbi jeusi la mji wetu, ambalo hata uoge mara mbili hujificha kwenye mizizi. Namba 17 ilimtoka safi. Kazi haikuwa na kosa, mistari imenyooka, juu pamelala kama meza. Kosa lilikuwa uso uliokuwa chini yake. Mimi ilinikaa namba hiyohiyo kama nilizaliwa nayo. Wale wengine watano sitawasema sana, isipokuwa mmoja mwenye paji pana na kidevu cha ncha, ambaye kesho yake alivaa kofia mpaka mlangoni mwa kanisa.

Tulifika nyumbani saa kumi na mbili. Mama alikuwa uani anachambua mchele na majirani. Aliinua macho, akamtazama yaya, akayashusha, akayainua tena.

"Mwanangu, nani amekuvuta?"

Majirani waliinamia mchele. Yaya aliingia chumbani, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akatoka, akaenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni, kana kwamba kimoja kati ya viwili kingemwonea huruma. Saa mbili usiku tulikuwa juu ya moto, mimi na yeye na dereva, tunarudi Birere.

Umeme ulikuwa umekatika. Kinyozi alikuwa anafunga. Hakucheka, na kwa hilo nimemheshimu mpaka leo. Alitoa mashine ndogo ya betri, mimi nikashika simu yenye tochi upande wa kushoto, dereva wa moto akashika yake upande wa kulia, naye akitoa ushauri ambao hakuombwa.

"Pembeni siwezi kurudisha kitu," kinyozi akasema. "Nywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi, na wewe unaingia kanisani kesho saa nne."

Alichoweza kilikuwa viwili. Juu alishusha ile meza mpaka ikabaki kimo cha ukucha, akazungusha kingo zake badala ya kuziacha na pembe. Halafu ndevu. Yaya alikuwa na kishungi kidevuni, alichokilea kwa mwaka mzima, na mashavuni kivuli cha siku tatu. Kinyozi alikiondoa kishungi chote, akaacha kile kivuli cha mashavuni kama kilivyo. Nilikuwa nimesimama karibu, tochi mkononi, nikaona kwa macho yangu kidevu kinarudi ndani na mashavu yanapanuka. Hakuwa mtu mwingine, lakini alikuwa tena mtu ninayemfahamu. Shingoni hakumpitishia wembe ingawa yaya aliomba. Alisema nywele zetu zilizojikunja zikikatwa chini ya ngozi hurudi kuchoma ndani, na hataki bwana harusi avimbe vipele chini ya kola.

Harusi ilikwenda vizuri. Sheria ya nywele moja ilivunjwa na aliyeitunga, maana kwenye picha sisi sita tuna meza kichwani na yeye hana. Shangazi mmoja aliyefika asubuhi hiyo kwa boti kutoka Bukavu, hajatuona tangu tukiwa wadogo, alipita moja kwa moja mpaka kwangu, akanishika mikono yote miwili, akaniambia nimchunge vizuri mke wangu. Nilimwitikia "Ndiyo, shangazi." Yaya alisikia. Shemeji pia alisikia, naye bado ananiita bwana mdogo kwa sauti ya utani ambayo yaya haipendi.

Wiki sita baadaye yaya aliniomba nimsindikize Birere. Mchoro wangu ulikuwa bado kiooni. Kila ulipofifia kinyozi aliupitia tena kwa sabuni, akiutumia kuwaonyesha wateja wengine. Yaya alikaa kwenye kiti, kikamwinamisha Gisenyi.

"Namba ngapi leo?" kinyozi akauliza, bila kutazama bango.

"Nne pembeni. Juu fanya unavyoona, papa."

Kisha, bila kuambiwa, akafumba jicho moja, akashusha kichwa taratibu mpaka nywele zake zikagusa mstari. Kidevu kilitoka nje vilevile, kidole kizima. Akanitazama ndani ya kioo, akavuta pembe ya shuka, akanifuta.