Nilivyonunua malori ya kubebea mitambo: mzigo kwanza, lori baadaye

Kila anayetaka kuingia kwenye biashara hii huanza kwa kuniuliza lori langu lina nguvu ya farasi ngapi. Mimi humrudishia maswali: utabeba mtambo gani, una tani ngapi, na utapandaje juu ya lori kama saiti hakuna tuta la kupandia? Akishayajibu hayo, lori lenyewe limekaribia kujichagua. Farasi tutawazungumza mwishoni, kama muda utabaki.

Niko Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku na ujenzi wa Mji wa Serikali pale Mtumba ukolee, mitambo haikai sehemu moja. Leo kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, kiko Mtumba, keshokutwa kinatakiwa Chamwino. Kampuni kubwa zina lobedi zao, yaani matela ya kitanda cha chini ya kubebea mitambo, na hazinihitaji. Wateja wangu ni makandarasi wadogo, na watu wenye mtambo mmoja au miwili ya kukodisha ambao hawana cha kuihamishia.

Kabla ya kununua chochote nilizunguka na daftari kwenye yadi za wakodishaji nikinakili uzito kutoka kwenye kibati cha kiwandani cha kila mtambo. Anachokwambia mwenye mtambo usikiamini. Yeye hukutajia kazi yake, si uzito wake. Fokolifti inayoitwa ya tani tatu inanyanyua tani tatu, lakini yenyewe inapima tani nne na ushee. Kijiko kidogo cha aina ya PC30 kina tani tatu hivi. JCB 3CX ina kama tani nane, ila hiyo kwa safari za mjini hutembea yenyewe, kwa hiyo si mteja wangu. Greda la CAT 140 linaanzia tani kumi na nne na kuendelea kufuatana na toleo. Komatsu PC200, kijiko kinachopendwa kuliko vyote huku, ni tani 20. Katapila la D8 linapita tani 37.

Daftari likanionyesha kitu ambacho sikukitarajia. Mitambo yangu iligawanyika makundi mawili, ya tani tano kushuka na ya tani kumi na nne kwenda juu, na katikati palikuwa karibu patupu. Lori la tani kumi ambalo kila mtu alinishauri ninunue lingekaa hapo hapo katikati, kubwa mno kwa rola ndogo na dogo mno kwa PC200.

Nikaanza chini. Lori la kwanza ni Mitsubishi Fuso Fighter ya kutoka Japani, aina ya selfu loda, yaani linajipakilia lenyewe. Nyuma ya kabini kuna miguu miwili ya haidroliki. Dereva anaingiza PTO, gia inayochukua nguvu ya injini kuendesha haidroliki, anavuta levya, miguu inashuka hadi chini na kuendelea kusukuma. Pua ya lori inanyanyuka, tairi za mbele zinaachana kabisa na ardhi, na kitanda chote kinainamia nyuma. Ngazi mbili za chuma zinafunguliwa na mtambo unapanda kwa nguvu zake. Ukiwa mbovu unavutwa na waya wa winchi iliyofungwa mbele ya kitanda. Sihitaji kreni, tuta, wala vijana wa kusukuma.

Ila fikiria hali ilivyo dakika hiyo: lori zima limeshikiliwa na breki ya maegesho kwenye tairi za nyuma tu, na juu yake kuna chuma cha tani nne kinapanda. Ndiyo maana kwangu levya haiguswi mpaka utingo aweke kabari mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Na chini ya kila mguu huwa tunalaza kipande cha mbao nene. Masika, kwenye udongo mweusi wa mbuga, mguu usio na mbao huzama upande mmoja, kitanda kikalala kiubavu na rola ikiwa katikati ya ngazi. Mbao hizo mbili ni mali ya lori kama jeki. Ikipotea moja, lori halitoki.

Kwenye kununua nilikuwa na jambo moja la kung'ang'ania. Malori ya Kijapani huandikwa nyuma ya bodi uzito wa juu wa mzigo, kwa kilo. Huku kwetu maandishi yale huachwa kama urembo, lakini mimi ndiyo picha ya kwanza niliyomwomba muuzaji. Fuso za kawaida za "tani nne" zilitengenezwa zikiwa na uzito wa jumla usiofika tani 8, kwa sababu ya mipaka ya leseni za udereva kule Japani. Ukiongeza kitanda cha selfu loda, miguu na winchi, vyote hivyo ni chuma kinachokula uzito wa mzigo, na kinachobaki ni kidogo ajabu. Nikatafuta yenye chesisi iliyoimarishwa, ambayo maandishi yake yanapita tani tano. Ilikuwa ghali zaidi na ilichukua muda kupatikana. Kabla ya kutuma pesa niliingia kwenye mfumo wa TRA wa kukadiria kodi za magari yaliyotumika, maana bei ya mtandaoni ni nusu ya habari tu. Bado kuna forodha, VAT, usajili na wakala wa kulitoa bandarini.

Ningeweza kuchukua lori jipya la Kichina kwa mkopo. Wapo waliofanya hivyo na wanaendelea vizuri, lakini hao wana mikataba ya kubeba mchanga na kokoto kila siku. Mitambo haihamishwi kila siku, na mkandarasi hulipa akishalipwa. Benki haisubiri setifiketi ya malipo ya mtu.

Fuso ndiyo ilininunulia Scania. Hiyo ni kichwa cha kuvuta tela, niliipata yadi moja Dar es Salaam, modeli ya 124, pamoja na lobedi ya ekseli tatu. Vichwa vingi vinavyotoka Uingereza ni vya difu moja, yaani ekseli moja tu ya nyuma ndiyo inayosukuma, vimezoea lami tambarare. Kwa njia za saiti nilitaka dabo difu, ekseli mbili zinazosukuma, na sikurudi nyuma, ingawa dalali alinihakikishia kwamba "hata difu moja inafika." Kufika inafika; kutoka na tani 20 mgongoni kwenye kifusi ndiyo shughuli. Nilikwenda na fundi wangu alfajiri, injini ikiwa ya baridi, maana injini iliyokwisha kuchemshwa kabla hujafika inaficha mengi. Fundi akaingia chini na brashi ya waya, akakwangua rangi mpya iliyopakwa kwenye chesisi karibu na bamba linaloshika tela. Pale ndipo chesisi hupasuka na ndipo watu hupaka rangi. Ilikuwa nzima. Kwenye lobedi tulikuta ufa uliochomelewa zamani shingoni, pale inapoungana na kichwa, tukaomba punguzo na tukapaimarisha upya kabla ya kupakia chochote.

Sasa mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya 2016, na Tanzania ilianza kuitumia 2019. Watu wengi wanajua namba moja tu, tani 56 za jumla. Lakini mizani husoma ekseli. Kwa gari kama langu ekseli ya usukani ni tani 8, mbili za dabo difu zikiwa pamoja ni 18, tatu za tela ni 24. Jumla yangu basi ni 50. Kichwa kina kama tani 9, lobedi 12, PC200 ni 20: tani 41. Kwenye karatasi niko salama kabisa. Lakini kijiko kikisogezwa mbele mno karibu na shingo, difu zinapita 18 huku tela likiwa na nafasi tele, na hapo unatozwa faini ukiwa na tani tisa za bure.

Tulichofanya ni kulipia mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu siku ambayo hakuna haraka. Tukapima kichwa peke yake kikiwa kimebeba shingo, kisha tela, tukasogeza kijiko kidogo kidogo mpaka hesabu ikakaa. Dereva akachukua rangi nyekundu akapiga mstari pembeni mwa kitanda: mnyororo wa kutembelea wa PC200 mwisho hapa. Baadaye akaongeza mstari wa bluu kwa ajili ya greda. Tangu hapo mizani za Nala na Dakawa tunapita bila presha.

Uzito si kila kitu. PC200 ina upana wa mita 2.8 au zaidi, kwa hiyo hata ikiwa nyepesi bado ni mzigo usio wa kawaida na unahitaji kibali cha TANROADS. Kibali huandikwa njia na masharti, na vya kwangu vyote husema safari ni mchana. Anayekwambia "tupite usiku, hakuna mtu" muulize bima italipaje.

Kitanda cha lobedi kilikuja na bati tupu. Nikatandika mbao ngumu. Mnyororo wa chuma juu ya bati lililolowa huteleza kama sabuni, na cheni za kufungia haziwezi kushindana na hilo. Kijiko kinafungwa pembe nne, mkono unalazwa chini na ndoo imekunjwa, kisha dereva anapima kimo kwa fimbo yake yenye alama kabla ya kuondoka, maana nyaya za umeme za mitaani zina vimo vya kila aina.

Tairi za lobedi, zile ndogo za rimu ya inchi 17.5, ndizo zinazonitia hasara kuliko injini. Zinazunguka mara nyingi zaidi kuliko za kichwa kwa kilomita ile ile, na jua la Dodoma mchana unalijua. Dereva husimama kila baada ya muda, anazigusa kwa mgongo wa kiganja. Yenye joto kuliko jirani yake inapimwa upepo hapo hapo.

Kwenye bei, nahesabu kwenda na kurudi, kwa sababu lobedi mara nyingi hurudi tupu. Bei niliyokuandikia leo inaishia siku EWURA inapotangaza bei kikomo mpya za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Gari likilala saiti kwa sababu opereta hajafika, kuna pesa ya kulaza gari, na iko kwenye karatasi aliyosaini mteja. Katapila za D8 sizigusi: tani 37 juu ya 21 za gari ni 58, na hakuna mstari wa rangi utakaoniokoa. Nampa kazi mwenzangu mwenye tela la ekseli nyingi, ananikatia kidogo.

Malipo ni nusu kabla ya kupakia na nusu kabla ngazi hazijashuka saiti. Mwanzoni wateja walinuna. Mmoja alimpigia dereva akiwa ameshafika: "Kaka, shusha tu, setifiketi inasainiwa Ijumaa." Dereva akamjibu, "Sawa bosi, na mimi nitashusha Ijumaa," akazima injini, akatandika mkeka chini ya tela. Pesa iliingia kabla chai haijachemka.