Namba ya siri ya bibi

Minada ya korosho ikianza Oktoba, nakuta watu wameshakaa kwenye benchi langu kabla sijafungua kufuli. Mimi ni wakala wa pesa za simu kijijini, wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, tangu 2014. Nina meza, simu nne za laini tofauti, kisanduku cha fedha na daftari la miamala. Hela ya korosho inapitia chama cha msingi cha ushirika, inaingia kwenye akaunti ya mkulima benki, na benki iko mjini.

Baba yangu alikuwa akienda benki anaaga kabisa, kama mtu wa safari. Anatoka alfajiri, anapanga foleni, na siku mtandao ukisumbua analala kwa ndugu arudi kesho yake. Leo mkulima anabonyeza namba ya benki yake, anahamishia hela kwenye laini, anakuja kuitoa kwangu huku jembe liko begani. Anakatwa mara mbili, kwenye kuhamisha na kwenye kutoa, na wengi wananung'unika. Ila ukimwuliza kama arudi kwenye foleni, hataki.

M-Pesa ilianza Kenya 2007, Tanzania ikaingia 2008, na huku kwetu kwa miaka mingi ilikuwa ni ya vijana wa Dar kutuma nyumbani hela "na ya kutolea". Niliona mabadiliko 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa sh 3,300 kwa kilo na wakulima wakahakikiwa kabla ya kulipwa. Wazee ambao sikuwahi kuwaona kibandani walikuja na vitochi vyao, zile simu ndogo za vitufe, kila siku swali ni lile lile: "Mwanangu, hebu niangalizie, imeingia?"

Hilo "niangalizie" ndilo linaloninyima usingizi.

Mzee ananikabidhi simu, halafu anataja namba yake ya siri kwa sauti, mbele ya watu wanane. Mwingine ameiandika kwenye kikaratasi akakikunja chini ya betri. Hawa si wazembe. Menyu imeandikwa kwa ajili ya mtu anayesoma, tena anayesoma haraka, kwa sababu ukichelewa inajifunga na unaanza upya. Mtu asiyejua kusoma anafanyaje? Anamtafuta anayemwamini. Zamani aliamini benki yenye ukuta, karani na mlinzi. Sasa ananiamini mimi, na mimi nina meza tu. Siku nitakapougua akakaa mtu mwingine hapa, namba zao zote za siri wataendelea kuzitaja vile vile.

Mwaka juzi mama mmoja, mjane, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa anatoka huduma kwa wateja. Akaambiwa laini yake itafungwa, ataje namba ya siri ili isaidiwe. Akaitaja, maana amezoea kuitaja. Zilikwenda sh 180,000, hela ya salfa, dawa ya mikorosho, ya msimu mzima. Alikuja kwangu akiwa ameishika simu kwa mikono miwili, hakulia. Akaniuliza tu, "Wewe nikikutajia mbona haziondoki?" Sikuwa na jibu, na hadi leo naona na mimi nilikuwa na mkono katika kumzoesha.

Tangu siku ile sipokei namba ya siri ya mtu. Mwanzoni walinichukia, foleni ikawa ndefu, wengine wakahamia kwa wakala mwingine. Sawa. Nikaanza kuwafundisha asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi.

Kitochi kina kinundu kidogo kwenye tano. Huhitaji kusoma, unakipapasa kwa kidole gumba. Ukishakipata, moja iko juu kushoto, tisa iko chini kulia, sifuri iko chini kabisa katikati. Nawaambia wachague namba nne ambazo kidole kinatembea kama njia: kutoka nyumbani kwenda kisimani, kisimani kwenda shambani. Tunafanyia mazoezi kwenye simu iliyozimwa, mara kumi, mara ishirini. Mikono yao imebangua korosho miaka hamsini. Kukumbuka njia ya kidole hakuwashindi.

Ningependa wenye benki na wenye mitandao waweke menyu ya sauti, imsomee mtu polepole kwa Kiswahili, na impe muda. Watu hawa wanalipa makato sawa na wanaosoma.

Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja niliyemfundisha wiki tatu. Akafungua pindo la kanga, akatoa simu. Jaribio la kwanza menyu ikajifunga. La pili akakosea tarakimu, mkono ukaanza kutetemeka, maana anajua akikosea mara tatu inafungwa. Kijana mmoja nyuma akasema, "Bibi, lete nikusaidie." Akamkatalia. Akafunika simu kwa kanga, akaniambia, "Na wewe geuka huko."

Nikageuka. Nikasikia simu yangu inaingiza ujumbe: sh 40,000.

Nikamhesabia noti, akasaini daftari kwa dole gumba. Kisha akanisogezea simu yake, akaniuliza taratibu zimebaki ngapi. Hapo bado ananihitaji. Nikainama sikioni kwake, nikamsomea salio.