M13 imekubali ubaoni

Imekubali! M13, yaani 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 13 kisha kutoa 1, ambayo ni 8191, imethibitika kuwa namba tasa juu ya ubao wa bao, hapa Langoni, bila kalamu. Kipimo cha Lucas-Lehmer kizima, kwa komwe tu: unaanza na 4, kila duru unazidisha namba kwa yenyewe, unatoa 2, unashika baki la kugawanya kwa 8191; duru ya 11 ikitoa sifuri, namba ni tasa. Simu ingemaliza kabla sijakaa vizuri, najua, msinikumbushe.

Mpango ni huu: shimo la kwanza ni 1, la pili 2, la tatu 4, kila moja mara mbili ya lililotangulia. Upande wa mbele unashika namba ya duru, upande wangu unapokea zao. Kila upande una mashimo 16 yanayozunguka. Nimeziba matatu kwa karatasi. Kete mbili zikikutana shimoni, moja inatolewa nje, ya pili inasogea mbele. Ikipita shimo la 13 inarudi la kwanza, kwa hiyo hakuna kugawanya. Kuzunguka kwenyewe ndiko kunakoleta baki.

Kilichonitesa ni ile "toa 2". Shimo la pili likiwa tupu unakopa la tatu, la tatu nalo tupu, la nne tupu, unazunguka ubao mzima kama mdai aliyekimbiwa, na watu barazani wanakuhesabia kwa sauti hadi unasahau ulipofika. Sasa sitoi tena. Kete moja kila shimo ni 8191, yaani sifuri. Basi kutoa 2 ni kuongeza kete moja kila shimo isipokuwa la pili, kisha unasukuma mbele zilizokutana. Kwisha kukopa!

Na duru ya mwisho ndiyo tamu. Ulifika 36, 1294, 3470, halafu 128: kete moja tu, shimo la nane. Ukiizidisha kwa yenyewe inaruka hatua saba, inapita la 13 na kutua shimo la pili. Jaza mengine yote, na ubao umeenea, moja moja, 13. Mzee aliyekuwa akitazama akasema, "Mwanangu, sasa umeshinda au umeshindwa? Mbona kete zimejaa?" Nikamwambia sifuri ya huku hujaa. Hakuridhika.

Afadhali M11 aliielewa: 2047 si tasa, ni 23 mara 89, na ubao uliishia 1736 badala ya sifuri, kete tano zimetawanyika ovyo.

Kuhusu kete, msinunue shanga za plastiki. Zinateleza, na vidole havizihisi. Komwe ni komwe.

Iliyofuata ilikuwa M17, ila inataka mashimo 34 na ubao una 32. Nilishatenga vikombe viwili vya kahawa vikae pembeni. Nimeviacha, maana M127 imeniingia kichwani. Lucas, mwanahisabati Mfaransa mwenye kipimo hiki, aliithibitisha mwaka 1876, tarakimu 39, na hadi 1951 hapakujulikana namba tasa kubwa zaidi. Yeye mwenyewe aliieleza hesabu yake kama mchezo wa ubao wa miraba 127 kwa 127. Kwangu ni mashimo 254: mbao nane, na mashimo mawili yanabaki. Duru 125. Mbao tatu nimeshaahidiwa, kwa sharti kwamba zikitakiwa kuchezewa jioni nazirudisha, hata kama niko katikati ya duru. Hilo sharti bado tunabishana.