Kumbukumbu ya mradi: maktaba ya kusoma faili za mchezo wa Minecraft, wiki ya tatu

Jumatatu usiku, Nyegezi, Mwanza

Baiti 33. Leo maktaba yangu, yaani msimbo wa lugha ya Python ambao programu nyingine zinaweza kuutumia, imesoma hello_world.nbt, lile faili dogo ambalo wengi wanaoandika kisomaji cha NBT huanza nalo. Ndani yake mna fungu liitwalo "hello world", na ndani ya fungu mna tagi, yaani kipande kimoja cha habari, iitwayo "name" yenye neno Bananrama. Nililisoma, nikaliandika upya, nikalinganisha na la mwanzo: baiti kwa baiti, sawa. Nilifurahi hadi nikatoka nje kupunga upepo wa ziwa.

NBT ndiyo namna Minecraft inavyotunza habari zake nyingi. Tagi yenye jina huanza na baiti moja ya aina, zikafuata mbili za urefu wa jina, kisha jina, kisha thamani. Aina ni 13, kuanzia 0 hadi 12. Ya 8 ni maandishi, ya 9 orodha, ya 10 fungu linalobeba tagi nyingine, na 0 hufunga fungu. Mpwa wangu nilimweleza kwa magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba: gunia limeandikwa nje kuna nini na jina lake, kwa hiyo unajua cha kutarajia kabla ya kulifungua.

Yeye ndiye chanzo cha kazi hii. Kwenye simu ya mama yake amejenga Mwaloni nzima, mitumbwi, vichanja vya dagaa, hadi jiwe la Bismarck likiwa majini. Simu imeanza kuchoka. Nataka dunia yake ihamie kwenye kompyuta yangu kabla haijapotea.

Jumatano

Toleo la Minecraft la simu na lile la kompyuta liitwalo Java hutumia tagi zilezile, ila mpangilio wa baiti umegeuzwa. Java hutanguliza baiti yenye uzito mkubwa, simu hutanguliza yenye uzito mdogo. Namba 300 kwenye Java ni 00 00 01 2C. Kwenye simu ni 2C 01 00 00. Ukiisoma kinyume unapata 738,263,040, na mchezaji aliyetakiwa kuanzia kando ya soko anatupwa mahali pasipofikika. Halafu level.dat, faili lenye habari kuu za dunia, kwenye Java limebanwa kwa njia ya gzip, wakati ya simu haikubanwa, bali ina baiti 8 mbele: nne za namba ya toleo, nne za urefu. Sasa mtumiaji wa maktaba lazima ataje mpangilio anaoutaka. Sitaki programu ibahatishe, kwa sababu ikikosea hapo faili linaharibika kimyakimya.

Jumamosi

Siku nzima imeishia kwa samaki mmoja.

Dunia ya mpwa wangu inaitwa "Mwaloni", nafasi, halafu ile alama ya samaki ya kwenye simu. Nililisoma jina vizuri, nikaliandika kwa mpangilio wa Java, nikalijaribu kwa programu fupi ya lugha ya Java yenyewe, ambayo toleo hilo limeandikwa nayo. Ikakataa kulisoma. Nikatazama baiti kwa kizio cha 16: F0 9F 90 9F, safi kabisa kwa UTF-8, ile namna ya kawaida ya kuandika herufi kwa baiti. Saa mbili nimekaa nazitazama.

Kumbe Java ina UTF-8 yake iliyobadilishwa. Herufi zake ni za biti 16, mwisho 65,535, na samaki huyu ni namba 128,031. Basi humgawa vipande viwili, kila kimoja baiti tatu: ED A0 BD, kisha ED B0 9F. Kwa hiyo jina lililokuwa baiti 12 kwenye simu linakuwa 14 kwenye Java, na zile baiti mbili za urefu lazima zihesabu baiti, si herufi. Python nayo kwa kawaida hukataa kusoma vipande vya namna hiyo, ikabidi niandike kifasiri changu mwenyewe. Kinashughulikia pia baiti ya sifuri, ambayo Java huiandika C0 80.

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Mjomba, si ungemfuta tu?" Nikamwambia hapana. Jina ni lake, na maktaba inayopunguza kitu cha mtu ili mambo yaende haifai kuitwa maktaba. Samaki amevuka akiwa mzima saa nne usiku.

Jumapili

Kosa dogo: orodha tupu. Hata isipokuwa na kitu, orodha hubeba baiti ya aina, nami nilikuwa naandika 0 kila mara. Sasa natunza ile iliyokuwemo.

Level.dat inakwenda na kurudi bila tofauti. Mawe na mitumbwi bado, maana simu huvitunza ndani ya hifadhidata iitwayo LevelDB, wakati Java huviweka kwenye faili za maeneo, kila moja vipande vya dunia 32 kwa 32, vikipangwa katika sekta za baiti 4,096. Kesho naanza na LevelDB. Nimeshanakili folda nzima ya dunia yake mara mbili, moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye flashi iliyo kabatini kwa mama yake.