Siku yangu kwenye kliniki ya ngozi, Kampala: uliza umedungwa nini

Saa 11 alfajiri niko stendi ya Bombo nasubiri taksi ijae. Foleni ya Kawempe na Bwaise haina huruma, kwa hiyo anayetaka kufika Wandegeya mapema huondoka kukiwa giza. Mimi ni muuguzi. Nimekulia Bombo, nyumbani tukisema Kinubi na Kiswahili, na kwa ajili hiyo wagonjwa wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania huelekezwa chumbani kwangu.

Saa 2 asubuhi, kabla ya lolote, nafungua friji kuangalia kama hayaluronidezi ipo na haijapita muda wake. Fila, yaani vitu vinavyodungwa chini ya ngozi kuijaza, siku hizi midomoni na mashavuni nyingi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho hata mwili wenyewe hukitengeneza. Hayaluronidezi ndiyo dawa inayoiyeyusha. Fila za kalisiamu, za asidi ya polilaktiki na silikoni ya maji haziyeyushwi nayo. Kwa maoni yangu, asiyekuwa na dawa hii mkononi hana ruhusa ya kumdunga mtu jeli usoni, hata awe na cheti cha namna gani.

Saa 3 anaingia dada aliyejaziwa midomo juzi. Imevimba, upande mmoja umevilia damu, na usiku kucha hakulala kwa hofu. Namkagua polepole: hakuna joto kali, hakuna usaha, maumivu yanapungua badala ya kuongezeka. Uvimbe na kuvilia damu ni kawaida, huisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Ila pembeni mwa mdomo naona vilengelenge vidogo vimejipanga. Namuuliza kama aliwahi kutoka vile zamani, anakubali. Ni virusi vya hapisi. Hujificha mwilini, na sindano ya mdomo huweza kuviamsha. Daktari anamwandikia asikloviri, dawa ya kuzuia virusi hivyo. Laiti aliyemdunga angemuuliza swali hilo moja, angeanza vidonge mapema.

Saa 4 na nusu simu inalia. "Yaya, pua inaniuma sana, na imebadilika rangi." Ni mama kutoka Goma, na "yaya" kwao ni dada mkubwa. Anakaa upande wa Kansanga. Jana jioni alidungwa puani nyumbani kwa mtu, ili pua ionekane imechongoka. Swali langu la kwanza halihusu pua. "Mama, unaona vizuri? Macho yote mawili? Funga moja, kisha jingine." Anaona. Namwambia apande boda sasa hivi, asipitie popote.

Sababu ya swali lile ni hii. Mishipa ya damu ya pua, ya katikati ya nyusi na ya paji la uso imeungana na mshipa unaolisha jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu ndani ya mshipa, huweza kurudi kinyume cha mkondo wa damu, kisha mkono ukiacha kusukuma, damu huibeba mpaka nyuma ya jicho. Retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ikikosa damu huanza kufa haraka, na mara nyingi uwezo wa kuona haurudi tena. Jambo hili hutokea kwa nadra. Lakini likitokea, dakika ndizo zinazoamua.

Amefika. Ncha ya pua na ubavu wake wa kushoto vimepauka, rangi ya majivu, na juu yake kuna michirizi iliyofumana kama wavu. Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Picha nyingi za mafunzo zinaonyesha ngozi nyeupe: kwanza weupe wa ghafla, kisha zambarau. Kwenye ngozi yetu nyeusi weupe ule hauonekani wazi, na mtu anaweza kuambiwa "ni michubuko tu, nenda kalale" wakati ngozi inakufa. Kwa hiyo sitegemei rangi peke yake. Nalinganisha upande wa kushoto na wa kulia. Nagusa kwa mgongo wa mkono kuona kama kuna ubaridi. Naangalia ndani ya mdomo. Nabonyeza ngozi kwa kidole, naachia, nahesabu: damu inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili au tatu. Kwake nahesabu hadi sita. Na maumivu yanayozidi saa baada ya saa si ya kupuuza kwa rangi yoyote ya ngozi.

"Walikudunga nini, mama?" Anainamisha kichwa. Aliambiwa ni vitamini ya kunyanyua pua. Mdogo wake anakimbia kwa yule aliyemdunga, anakuta boksi kwenye taka, anatutumia picha kwa WhatsApp. Asidi ya hayaluroniki. Daktari anadunga hayaluronidezi eneo lote lililopauka, si kitone kimoja, anakanda, tunaweka kitambaa cha uvuguvugu. Baada ya kuhakikisha hana vidonda vya tumbo wala mzio, anampa aspirini. Baada ya saa moja napima tena. Damu bado inasuasua, anarudia dozi. Mama ananishika mkono muda wote. Anachoogopa zaidi ni mumewe kujua. Namwambia aibu tutaizungumza baadaye, sasa tunaokoa pua.

Saa 7 mchana nakula matoke na karanga nikiwa nimesimama.

Saa 8 yupo mzee mmoja ambaye tumezoeana. Anaishi na VVU tangu enzi za stavudini, dawa iliyookoa maisha ya wengi lakini ikawamaliza mafuta ya mashavu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri nchi ziiache taratibu, na kwa wengi uso ulikuwa umeshabonyea. Mtaani watu walikuwa wakiusoma ule uso na kujua. Anayewacheka watu wanaotafuta fila hajakaa na mzee huyu. Marekani iliidhinisha fila ya asidi ya polilaktiki mwaka 2004, na ya kalisiamu mwaka 2006, kwa ajili ya mashavu ya watu kama yeye. Hii haikuwa anasa. Lakini yeye alichomudu ni silikoni ya maji, iliyodungwa na mtu asiye daktari katika nchi jirani. Miaka imepita, na sasa mashavuni ana vinundu vigumu vinavyovimba kila apatapo mafua. Silikoni haiyeyuki. Tunampiga altrasaundi kuona imeenea wapi, anapewa antibiotiki kwanza kama kuna dalili ya maambukizi, kisha steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kidogokidogo ndani ya kinundu. Namsihi asiviminye. Ananiuliza kama upasuaji utaitoa yote. Namjibu ukweli: yote, hapana.

Saa 10 najaza fomu ya madhara ya kupeleka Mamlaka ya Taifa ya Dawa: jina la bidhaa, namba ya toleo, sehemu iliyodungwa, saa dalili zilipoanza. Bila lile boksi la takani, nusu ya fomu ingebaki tupu. Katikati ya kazi hiyo binti mmoja anachungulia mlangoni na kalamu ya kurusha jeli bila sindano aliyoiagiza mtandaoni, anataka nimfundishe kuitumia kabla ya kwanjula yake, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Namkalisha. Mwezi Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu wasizitumie kalamu hizo, kwa sababu presha yake haiongozwi na mtu, na jeli inaweza kwenda kokote, hata mshipani. Ameiacha mezani kwangu.

Saa 12 jioni pua ya mama wa Goma imeanza kupata rangi yake, na damu inarudi kwa sekunde tatu. Namweleza dalili za usiku: akiona giza au vitu viwiliviwili, kichwa kikimpasuka, au upande mmoja wa mwili ukilegea, aende moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali kubwa. Ngozi tutaikagua kesho saa 2. Anavaa ushungi, anafika mlangoni, anageuka. "Yaya, na rafiki yangu je? Alidungwa kabla yangu. Bomba la sindano lilikuwa lile lile, mabaki yake ndiyo niliyowekewa mimi."

Nikamrudisha kitini. Daktari akampima VVU na homa ya ini aina ya B, akamwanzishia PEP, dawa za kuzuia VVU visishike baada ya mtu kuwa hatarini, papo hapo, maana dawa hizo hufaa zikianzwa ndani ya saa 72 na huendelea kwa siku 28. Rafiki alipopokea simu alisema hana maumivu yoyote, atakuja wiki ijayo akipata nafasi. Nikamwambia, "Hapana, dada yangu, njoo usiku huu huu, nakusubiri." Alifika saa 3 kasoro.