Mkanda umeuvaa, lakini chini kuna mita ngapi?

Kwenye nyumba nyingi zinazopauliwa Nzuguni au Iyumbu, Dodoma, fundi aliyevaa mkanda wa usalama, ule unaopita mabegani, kifuani na mapajani, huwa amefunga kamba yake kwenye papi, mbao za kupigilia bati, jirani na miguu yake. Kwa mbali inapendeza. Ukipiga hesabu, akiteleza atafika chini kabla kamba haijamdaka.

Hesabu yenyewe ni hii. Kamba ya kawaida ina mita 2. Ina kifurushi kilichoshonwa, chenye kazi kama ya shokamzoba ya gari: ukianguka, mishono yake inafumuka taratibu ili mvuto wa kukusimamisha usizidi kilonewtoni 6, sawa na uzito wa kama kilo 600. Kufumuka huko kunaweza kurefusha kamba kwa hadi mita 1.75. Kutoka pete ya mkanda iliyo mgongoni, inaposhikizwa kamba, hadi nyayo weka mita 1.5, kisha mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25, kuanzia pale ulipofunga. Nyumba isiyo ya ghorofa ina ukuta wa kama mita 3.

Kwa hiyo kwenye paa la chini usiitegemee kamba ikudake, itumie kukuzuia usifike ukingoni kabisa. Funga upande wa pili wa paa, fupisha kamba mpaka iishe hatua moja kabla ya ukingo, na uirekebishe kila unapohama. Inachosha, ndiyo maana wengi hawafanyi. Jukwaa lenye reli pembeni ni bora kuliko mkanda wowote, kwa sababu halimtaki fundi akumbuke kitu.

Mahali pa kufungia ndipo penye makosa mengi zaidi. Kipimo cha Ulaya, EN 795, kinataka sehemu ya kumfungia mtu mmoja ihimili kilonewtoni 12, kama tani 1.2. Papi ya mbili kwa mbili imeshikwa na misumari tu, na ikivutwa kuelekea juu au pembeni misumari inachomoka. Mrunda wa jukwaa nao usiuamini. Kenchi moja, yaani fremu inayobeba paa, ambayo haijaunganishwa na wenzake itaanguka nawe. Nondo iliyochomoza inakata utepe, kile kitambaa bapa kilichoshonewa mkanda. Kwenye ghorofa, zungusha utepe wa kufungia kwenye nguzo au boriti ya zege iliyokwisha kukomaa, juu ya kichwa chako, na uwekee kitambaa kigumu penye kona kali. Usitie fundo kwenye kamba ili kuifupisha, maana fundo linaipunguzia nguvu.

Kuvaa hakuna siri: pete ikae katikati ya mabega, mkanda wa kifua uwe usawa wa katikati ya kifua, na kwenye mapaja kiganja kilichonyooka kipite lakini ngumi isipite. Ule mkanda wa kiunoni peke yake si wa kudaka mtu. Ukianguka nao unaweza kukuumiza tumbo na mgongo, au ukakuchomoka.

Kabla ya kupanda, kunja utepe kidole kwa kidole ili nyuzi zilizokatika zijitokeze, kisha kagua mishono na vifungo. Vumbi la Dodoma likichanganyika na saruji huingia ndani ya utepe na kuusaga kama msasa, na jua la kiangazi huudhoofisha hata ukiwa umetundikwa tu ukutani. Oshea maji ya uvuguvugu na sabuni laini, anika kivulini. Anayechomelea kenchi za chuma aangalie matundu ya cheche. Mkanda uliokwisha kudaka mtu, au ambao kifurushi chake kimeanza kufumuka, ukatwe vipande ili asije mwingine akauokota.

Anayening'inia naye ana muda mfupi. Mikanda ya mapaja hubana mishipa, damu hukaa miguuni, na ndani ya dakika chache anaweza kupoteza fahamu. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114, lakini usiwasubiri bila kufanya kitu. Kila mkanda uwe na vitanzi viwili vya utepe ambavyo aliyening'inia atavishusha, akanyage na kujiinua, damu ipande. Ngazi inayofika pale anapofanyia kazi iwe saitini tangu asubuhi, na mtu wa chini anayejua ilipo asitumwe kwenda kununua misumari.