Siku ya ruzuku nyumbani kwetu

Mbukwenyi jamani. Juzi nilikuwa kwenye daladala natoka Chamwino narudi Dodoma mjini, nyuma yangu wamekaa jamaa wawili wanapiga stori za TASAF, ule mfuko wa serikali unaogawa ruzuku kwa kaya maskini, mmoja anasema hizi hela wanazopewa akina mama vijijini zinawafundisha uvivu tu, mwenzake anaitikia kabisa. Nilinyamaza mpaka nikashuka, ila moyo uliniuma na bado unaniuma, ndo maana nimekaa kuandika. Mimi nimelelewa na hizo hela. Viatu vyangu vya kwanza vya shule vilitoka huko.

Mwaka 2010 nilikuwa darasa la nne. Ule mpango ulikuwa wa majaribio tu, wilaya tatu, yaani Chamwino yetu, Bagamoyo na Kibaha, na malipo yalikuwa kila baada ya miezi miwili. Hesabu waliipiga kwa dola 3 kwa mwezi kwa mtoto na dola 6 kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea, ila mnalipwa kwa shilingi. Kwetu tulikuwa watoto wanne pamoja na bibi mzaa baba, kwa hiyo mama akirudi na zote pamoja ilikuwa kama elfu hamsini hivi, na hiyo ni ya miezi miwili, watu sita tukiwa nyumbani, saba baba akiwepo.

Nyie wa mjini mtasema elfu hamsini ndo nini. Sasa subirini niwaambie maisha yalivyokuwa kabla yake. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba na mkibahatika inafika Aprili, mnalima uwele na mtama na karanga kidogo, na miezi migumu kuliko yote ni ile Januari mpaka Machi ambapo shamba lina majani mabichi ya kupendeza lakini ghalani hamna kitu. Miezi hiyo baba alikuwa anaenda Kiteto kupiga vibarua kwenye mashamba ya mahindi, anaweza akakaa wiki sita hamjui yuko hai au vipi, na mama naye anaacha shamba lake ambalo ndo linahitaji palizi wakati huohuo anaenda kupalilia la mtu mwingine ili jioni arudi na kisado cha uwele. Hapo ndo penye ubaya wenyewe. Ukipalilia la mwenzio, lako linaliwa na magugu, ukivuna unavuna kidogo, mwakani unarudi tena kwenye kibarua. Mama yangu alizunguka hivyo miaka na miaka, na hakuwa mvivu hata siku moja, mwanamke anaamka saa kumi usiku.

Hela ilipoanza kuja, mama alipalilia shamba lake. Ni hivyo tu. Na kilichomwezesha, mi naona, ni ile kujua kwamba itakuja. Kabla ya hapo hela ilikuwa inaingia kwetu kama mgeni asiyepiga hodi, leo baba kauza kuku, kesho hamna. Sasa mama akawa anaweza kwenda dukani akamwambia mzee wa duka nipe unga kilo tano na sabuni, siku ya ruzuku nakulipa, na mzee anatoa bila maneno kwa sababu hata yeye siku hiyo anaijua. Nakumbuka usiku mama akiwa amekaa na bibi jikoni wanapanga hela ambayo haijafika, hiki cha sare, hiki cha kadi ya CHF, ile bima ya afya ya jamii, hiki cha bibi mwenyewe. Sikuwahi kumsikia mama akipanga kitu kabla ya hapo, alikuwa hana cha kupangia.

Bibi naye alibadilika jamani. Kabla alikuwa anakula kidogo makusudi, anasema tumbo limejaa, sisi watoto tunamwamini. Alipojua kwamba kwenye ile hela kuna fungu lake akaanza kukaa vizuri kwenye kigoda, anakula anashiba, na siku ya malipo anafungua fundo la khanga anatutuma chumvi na kiberiti kwa hela yake. Kumtuma mjukuu dukani na hela yako mwenyewe, kwa mzee ni kitu kikubwa.

Kulikuwa na masharti, watoto wadogo lazima waende kliniki, wakubwa lazima mahudhurio shuleni yasipungue asilimia 80. Hapo nina maneno kidogo. Kuna watu wanaamini bila masharti mama wa kijijini hapeleki mtoto kliniki, kitu ambacho sikubaliani nacho, mama alikuwa anatamani kwenda siku zote, shida ilikuwa kutembea masaa mawili na mtoto mgongoni wakati jioni hakuna cha kupika. Lakini nilipomuuliza ukubwani akaniambia kitu sikukitegemea. Alisema yale masharti yalimsaidia nyumbani. Baba akitaka kaka abaki kuchunga, au mimi nikae na mdogo wangu yeye aende kibarua, mama hakuwa na haja ya kugombana, anasema tu wataikata hela, na mjadala unaisha palepale. Baba si mtu mbaya, ila alikuwa amezoea neno lake ndo la mwisho.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwenye mbuzi. Mama alikuwa anabana kidogokidogo, mwaka wa pili akaenda mnadani akanunua mbuzi jike. Huku kwetu mifugo ni mambo ya wanaume, mama ana sauti kwenye kuku, mbuzi na ng'ombe muulize baba. Baba aliporudi kutoka Kiteto akamkuta zizini, akauliza wa nani huyu, mama akajibu wa watoto. Siku tatu hawakuongea. Tulikuwa tunalala kwenye tembe moja, unasikia kimya chao mpaka asubuhi. Siku ya nne baba mwenyewe akakata miiba akaziba pale zizi lilipobomoka, hakusema kitu, na mbuzi akabaki wa watoto. Mwaka 2014 nilipochaguliwa kwenda sekondari ya kata, ada ilikuwa elfu ishirini kwa mwaka, bado hatujafika kwenye elimu bila malipo ya 2016, na aliyenilipia ni kizazi cha yule mbuzi.

Nilipokuwa chuo nikakutana na tathmini ya Benki ya Dunia ya 2014 kuhusu yale majaribio, nikaisoma usiku mmoja mpaka mwisho. Imeandikwa kaya zilizopata hela ziliongeza mbuzi na kuku, zilijiunga zaidi na bima ya CHF, watoto wadogo wakawa wanaugua siku chache, na watoto wakawa na viatu. Viatu jamani, wameviandika! Nilikaa nikalia. Na utafiti wa nchi mbalimbali haujaona hizi hela zikienda kuongeza pombe na sigara kama watu wengi wanavyodhani.

Ila kwenye ripoti hiyohiyo nikakuta kitu kingine. Vijiji vilikuwa 80, vikapigiwa kura ya bahati nasibu, 40 vikaanza kupata na 40 vikasubiri ili walinganishe. Shangazi yangu alikuwa ameolewa kijiji cha jirani. Naye alikuwa na watoto, naye njaa ile ile, na alikuwa anaona mama anarudi na hela yeye hapati, akaamini kuna mtu kapendelewa. Aliacha kuja kwetu, hata msiba wa mjomba alikaa upande wa pili. Mama alikuwa anampelekea unga usiku, kwa mkono wa mtoto, ili asimwaibishe. Ilikuwa kura tu, na hakuna aliyewaeleza wakaelewa. Naelewa wataalamu lazima walinganishe ndo wajue kitu kinafanya kazi, na bila ule ushahidi labda mpango usingepanuliwa mpaka ukapita kaya milioni 1 nchi nzima. Bado naona mtu angekaa na akina shangazi chini ya mti akawaambia ukweli, kwamba hamjanyimwa, mnasubiri.

Baadaye kijiji chao nacho kikaingia. Siku ya malipo yao ya kwanza mama aliondoka nyumbani giza bado, akatembea mpaka kwa wifi yake, akamkuta anafunga khanga hajui aende na karatasi gani. Wakaenda wote. Mama alikaa naye kwenye foleni mpaka jina likaitwa.